Aproni ya Kitenzi

Nyumbani kwetu mtu haulizwi anajua nini, anaulizwa mikono yake iko wapi. Ndivyo alivyotulea Mama, na ndivyo anavyoliendesha duka letu la mikate hadi leo. Nyuma kuna tanuri na mashine ya kukandia unga inayonguruma kama trekta bovu, mbele kuna kaunta ya kioo, na katikati kuna ukuta wenye misumari ya kutundikia aproni. Nyeupe ni ya kukanda. Ya bluu ni ya kaunta. Ya maua ni ya kufagia na kuosha trei. Ya kaki, ile nzito yenye kiraka tumboni, ni ya tanuri.

Hakuna aproni ya mtu. Asubuhi umevaa nyeupe unakanda, mchana umevaa ya bluu unauza, na kama wateja wamejaa mbele ukabaki peke yako nyuma, unavua hiyo unavaa ya kaki, unachomoa mikate kabla haijawa makaa. Ukishavaa ya kaki hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Wanakuuliza kama mikate imeiva.

Hiyo ya kaki ilikuwa ya Baba, Mungu amrehemu. Kiraka kile Mama alikishona mwenyewe, kitambaa akikikata kwenye mguu wa suruali ya Baba. Sote tunaivaa ikibidi, lakini tangu Baba atangulie haijavuka kizingiti cha duka. Inafuliwa ndani, inaanikwa ndani. Hakuna aliyewahi kuitamka sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Mimi wananiita Pilipili, na wanaoniita hivyo wana sababu zao. Kazi niipendayo ni kaunta, maana pale mdomo wangu una faida. Tanuri na mimi hatuivi chungu kimoja: lenyewe linaniunguza, mimi nalitukana. Kaka yangu husambaza mikate kwa baiskeli, na ni mtu wa polepole hata akifukuzwa na mbwa. Mjomba, kaka yake Mama, alikuja kututembelea zamani, akakusudia kukaa wiki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakuwa na jembe, akampa aproni. Hajaondoka.

Halafu yupo wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ndiye hasa ninayetaka kusimulia habari zake.

Wifi ana cheti cha ualimu. Kimetundikwa chumbani kwao juu ya kitanda, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Somo lake ni Kiingereza, na analipenda kwa namna inayonishangaza. Mtu anaosha trei huku anatabasamu, ukimuuliza kuna nini anakwambia amekumbuka sentensi nzuri. Kilichomkosesha kazi si akili. Ni sauti. Dukani, mashine ikiwa inanguruma, Wifi anaweza kumwita kaka aliye ng'ambo ya barabara na akasikika. Lakini mweke mbele ya mtu mwenye kalamu na miwani anayempima, sauti yake inakuwa donge lisilotiwa hamira: unaingoja iumuke, imelala tu. Alikuwa amekwenda kufundisha somo la majaribio katika shule mbili, na kote alirudi akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Sasa shule ya msingi iliyo nyuma ya duka letu ilikuwa inatafuta mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu mkuu alimpa somo la kufundisha mbele yake katika darasa la sita: aina za maneno. Na Mama akatoa kauli yake, akiwa anapaka mafuta kwenye trei, bila hata kuinua macho. Alisema hii ni mara ya mwisho. Akipata, sawa. Akikosa, habari za chaki ziishe, ashike tanuri moja kwa moja, maana mikono ya Mama imeanza kutetemeka na duka linahitaji mrithi.

Nisimsingizie mama yangu. Hakuwa anamchukia mkwewe, alikuwa anamhitaji. Wifi ndiye mwenye mkono mzuri kuliko sisi sote kwenye tanuri, na Mama alikuwa na hofu ya mtu aliyejenga kitu na haoni wa kumwachia. Lakini niliutazama uso wa Wifi siku ile nikaona kitu kimezimika, na roho yangu ikaniuma. Nilimwambia akipata kazi hiyo nitafanya mwenyewe zamu zake za kufagia. Nilisema hivyo kwa upendo, na kwa kuwa kufagia si tanuri.

Basi Wifi akaanza kujifua. Alikata makasha ya karatasi akatengeneza vipande, kila kipande neno moja la Kiingereza, akavibandika ukutani jikoni kwa safu: nomino huku, vitenzi kule, vivumishi pale, hadi safu zote nane zikatimia. Sisi tukawa wanafunzi wake. Alisimama mbele yetu akasoma maana za kitabuni, kwamba nomino ni neno linalotaja mtu, mahali, kitu, na kadhalika, na kufika kwenye kielezi Mjomba alikuwa anakoroma. Mjomba akiamka alikuwa na swali moja tu. Alikuwa ameliona neno "water" kwenye safu ya nomino, tena akaliona kwenye safu ya vitenzi, la kumwagilia maua. Akauliza kama neno hilo lina wake wawili.

Wifi akamjibu kwa maneno ya kitabuni, marefu, yenye mikia. Mjomba akaitikia kwa adabu, na ilikuwa wazi kwamba hakuambulia chochote. Wifi naye aliliona hilo. Usiku huo kaka aliniambia mkewe hakula.

Siku iliyofuata akaja na mbinu mpya: akatugawia sisi wenyewe aina za maneno. Mama alikuwa kitenzi, kwa sababu bila yeye hakuna linalotendeka. Mama akakubali kwa kunyanyua nyusi, lakini nilimwona amefurahi. Kaka akawa kielezi, kwa kuwa kila analofanya lazima useme analifanya vipi, na jibu ni polepole. Mjomba, ambaye hawezi kutaja kitu bila kukisifu, akawa kivumishi. Mimi nikawa kihisishi.

Nikauliza kihisishi kinafanya kazi gani. Wifi akanieleza kwamba ni neno la kushtuka, kama "lo" au "ala". Nikauliza kikitolewa kwenye sentensi inakuwaje. Wifi hajui kusema uongo. Akaniambia sentensi inabaki salama. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Nilirudi kwenye kaunta nikamuuzia mteja mkate nikiwa nimenuna hata akadhani ni yeye aliyenikosea.

Kosa la watu wetu ni kwamba wakipewa cheo wanakishika kwa mikono miwili. Kufika mchana nyumba nzima ilikuwa imeharibika. Mjomba alikataa kubeba gunia la unga, akadai kivumishi hakibebi, kinasifu, akasimama pembeni akilisifu gunia. Kaka aliulizwa kwa nini hajaondoka na mikate akasema yeye hawezi kuanza kitu mpaka kitenzi kianze, yeye kazi yake ni kueleza tu kitakavyokwenda. Hata Mama, aliyepaswa kutuweka sawa, alikuwa anatoa amri mara mbili ya kawaida kwa sababu sasa amri zake zilikuwa na idhini ya Kiingereza. Wifi alicheka mwanzoni. Alidhani tumeelewa.

Mama akatoka kwenda kununua chumvi. Kaka alikuwa amekaa juu ya kreti, pua na tanuri, anakunywa chai. Mjomba alikuwa kwenye donge. Wifi alikuwa ametupa kisogo, anapanga vipande vyake ukutani. Mimi huko mbele nikasikia harufu. Kwanza ilikuwa harufu ya mkate ulioiva, halafu ya mkate ulioiva sana, halafu ya kitu ambacho hakikuwa mkate tena. Nikapiga kelele:

"Lo! Jamani, mikate!"

Mjomba akapiga makofi. Alisema kwa sauti kwamba hicho ndicho kihisishi safi, chenye mvuto, chenye hisia. Kaka akainua kikombe kunipongeza. Nikapiga kelele tena, na makofi yakaongezeka. Wifi aligeuka akiwa bado anatabasamu, akauona moshi, tabasamu likamfia mdomoni. Alipofika kwenye tanuri, trei zote mbili za juu zilikuwa nyeusi tititi.

Mama alirudi na chumvi yake akasimama mlangoni. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliuliza taratibu ni nani aliyekuwa karibu na tanuri.

"Ni mimi, Mama," akasema kaka, "ila mimi ni kielezi. Nilikuwa namngoja kitenzi."

Mama akaweka chumvi mezani. Akaenda ukutani, akabandua vipande vyote kimoja kimoja, bila kuchana hata kimoja, akavipanga kwenye trei tupu na kumkabidhi Wifi.

"Kesho nenda ukamalize," alisema. "Ukikosa, maneno haya yasirudi humu ndani. Kwangu hapa hakuna kielezi. Aliye karibu na tanuri ndiye wa tanuri."

Jioni hiyo Wifi na mimi tukabaki tunakwangua trei zilizoungua. Nilikuwa najilaumu kwa kelele zangu, na nilimlaumu Mjomba zaidi. Wifi alikuwa anakwangua, anakwangua. Ghafla nikasikia anacheka. Nikamtazama nikaogopa, nikadhani ndiyo akili inaondoka. Alikuwa ameacha kukwangua, amekodolea macho ukuta wa aproni.

"Wifi, mimi ndiye niliyeunguza mikate," aliniambia. "Niliwapa watu vyeo nikawapigilia misumari. Na maneno nimeyafanya vilevile. Neno halizaliwi kitenzi. Linapewa aproni, likimaliza linavua."

Akanikumbusha swali la Mjomba. Neno "water" halina wake wawili. Lina zamu mbili, kama mimi nilivyo na kaunta na ufagio. Ukilikuta limekaa linanywewa, limevaa nyeupe. Ukilikuta linamwagilia maua, limevaa ya kaki. Ukitaka kujua ni aina gani usilitazame sura, tazama linafanya nini pale lilipo. Mimi shuleni nilitoka na kichefuchefu cha sarufi, lakini hilo lilinikaa kichwani palepale, na halijatoka.

Kisha akaniomba aproni. Zote. Nikampa ya bluu, nyeupe na ya maua bila wasiwasi, maana Mama angekuwa ametoka asubuhi kwenda kwa muuza unga, na angerudi mchana. Wifi akanyoosha mkono kwenye msumari wa mwisho. Nikamwambia hiyo hapana. Akasema kitenzi hakiwezi kuvaa kitambaa cha kuazima, lazima kivae nguo ya kazi yenyewe. Nikamwambia Mama atatuua. Akasema atairudisha kabla Mama hajarudi. Tukatazamana kama wezi wawili wa kuku, nikaivua msumarini mwenyewe na kuikunja ndani ya kikapu cha skonzi.

Asubuhi nilipeleka skonzi shuleni kama kawaida, nikazikabidhi, nikampa Wifi aproni zake, halafu nikajibanza dirishani mwa darasa la sita. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa nyuma, miwani puani, kalamu mkononi. Wifi alikuwa mbele, amevaa gauni lake zuri, na kabla hajafungua mdomo nilijua mambo yameharibika. Alikuwa amelishika kasha la vipande kama mtu aliyeshika mtoto wa jirani asiye na uhakika naye.

Alianza. Alimwita mtoto mmoja akampa kipande chenye neno "I", mwingine akampa "drink", akamvalisha aproni ya kaki ikamfika miguuni. Wa tatu, kibonge mmoja mwenye pengo, akapewa "water" na aproni nyeupe. Yote yalikuwa sawa isipokuwa kwamba hakuna aliyesikia kitu. Midomo ya Wifi ilikuwa inatembea, sauti haitoki. Msichana wa nyuma akanyoosha mkono na kusema kwa heshima kuwa hawasikii. Wifi akarudia, ikawa ndogo zaidi. Mwalimu mkuu akatazama nje, na macho yetu yakakutana dirishani, nikajifanya naitafuta skonzi iliyopotea. Moyoni nilikuwa nasali. Nilisema, ee Mungu, mpe sauti, hata ya kukopa, hata yangu mchukulie.

Nikageuka kufuta jasho nikamwona Mama anakatiza uwanja wa shule.

Baadaye nilikuja kujua kwamba muuza unga hakufungua siku ile. Mama alirudi mapema, akaanza kukanda kwa kuwa hajui kukaa, unga ukiwa umeshamfika viwikoni akanyoosha mkono achukue aproni, akakuta misumari mitupu. Mjomba, aliyeniona nikizitoa kikapuni, aliulizwa, na Mjomba hajawahi kuhimili kuulizwa na Mama zaidi ya mara moja. Sasa alikuwa anakuja na unga wake mikononi, hatazami kushoto wala kulia. Nilitaka kumzuia. Alinipita kama anapita mti.

Mama akasimama mlangoni mwa darasa. Akaiona aproni ya Baba, nje ya duka, kwenye mwili wa mtoto asiyemjua, ncha yake inafagia sakafu. Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini. Wifi akageuka, akamwona mama mkwe wake, na mimi nikafumba macho.

Dukani kwetu mtu akiingia wakati wa kazi, haachwi amesimama. Anapewa kitu ashike. Wifi ameishi na sisi muda wa kutosha hilo kumwingia kwenye damu, na nadhani hata hakufikiri. Nikasikia sauti. Ilikuwa ile ya dukani, ya kuishinda mashine, inayovuka barabara.

"Mama, tuko kazini. Shika hiki, simama kati ya hawa wawili."

Nikafumbua macho. Katika maisha yangu yote sijamwona mtu akimwamrisha mama yangu. Mama naye nadhani hakuwa amewahi kuona. Alikitazama kipande alichopewa, kilichoandikwa "and", akamtazama Wifi, na kwa sauti ya chini akauliza hiki ni cha kazi gani.

"Kiunganishi, Mama. Unashika mkono huku na mkono huku, na usiachie."

Mama akaingia. Akasimama palepale alipoonyeshwa, unga viwikoni, akashika mkono wa mtoto mwenye "I" upande mmoja, na upande wa pili mkono wa binti aliyekuwa ameletwa mbio na kipande kipya cha "Mother". Watoto walikuwa wamesimama kwenye madawati ili waone. Wifi sasa alikuwa anatembea mbele ya darasa kama anavyotembea kati ya donge na tanuri, na kila mtu alimsikia, nadhani hata darasa la saba ng'ambo ya ukuta lilimsikia. Akamwondoa mwenye "drink". Akaleta mtoto wa "flowers". Sentensi ikasimama mbele yetu, Mother and I water flowers, lakini kibonge wa "water" alikuwa bado na aproni yake nyeupe.

Wifi akawauliza kuna kosa gani. Kisha yule msichana wa nyuma, aliyekuwa hasikii, akasema safari hii maji hayanywewi, yanafanya kazi. Akasema avue. Na darasa zima likadakia kwamba avue avae ya kaki.

Kibonge akavua. Mtoto wa "drink" akaivua ile ya kaki shingoni mwake, akamvalisha mwenzake, akamfunga kamba mgongoni kama watu wazima. Nilimtazama Mama. Alikuwa anaiangalia aproni ya mumewe ikihama kutoka mwili hadi mwili, kama ilivyohama miaka yote dukani kutoka kwake kwenda kwangu, kwa kaka, kwa Mjomba, na uso wake ulikuwa unabadilika polepole sana. Lakini mikono hakuiachia.

Baada ya hapo somo lilijiendesha. Kila mtoto alitaka neno, kila neno lilitaka aproni, watoto wakagombana nani ni nini na wakapatana wenyewe kwa kusoma sentensi upya. Kijana mmoja alililia neno "slowly" nikamkumbuka kaka. Hata kihisishi kilipewa nafasi yake: Wifi aliwaambia ni kweli kinaweza kutolewa na sentensi ikasimama, ila siku mikate inaungua ndicho cha kwanza kujua. Alisema hivyo huku anatazama dirishani. Nikamsamehe yote.

Mwalimu mkuu alinyanyuka na kuuliza swali lake, na nilijua ni mtego. Aliliandika neno "water" peke yake ubaoni, akauliza darasa ni nomino au ni kitenzi. Watoto wakamtazama kwa huruma.

"Mwalimu, bado halijavaa," akasema kibonge.

Kengele ilipolia Mama alikuwa bado ameshika wale watoto wawili, hata ikabidi Wifi amwambie sasa anaweza kuachia.

Tulisimama uwanjani sote. Mwalimu mkuu alizungumza kwa ufupi. Alisema alikuwa ameshaandika hapana na amekuta hana budi kuifuta, na kwamba angependa Wifi aanze wiki inayofuata, endapo nyumbani wataridhia, maana amesikia ana majukumu. Alipotamka neno nyumbani alimtazama Mama. Na Wifi naye akamtazama Mama, na mimi pia.

Mama alikuwa na aproni ya kaki mkononi. Alikuwa anaikung'uta vumbi la chaki, taratibu, akianzia kwenye kiraka.

"Umeitoa nje bila kuniuliza," alimwambia Wifi.

Wifi akaomba radhi. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ndogo, na machozi yalikuwa karibu. Alisema atarudi nayo sasa hivi, ataifua, na kama Mama anaona kazi hii haifai basi haifai. Nilitaka kusema neno, lakini Mama alininyamazisha kwa kidole bila hata kugeuka.

Akamsogelea Wifi. Akampitishia aproni shingoni, akazunguka nyuma yake, akamfunga kamba kwa fundo lile la Baba la mara mbili, lisilofunguka mtu akiinama. Akarudi mbele, akamtazama kama anavyotazama mkate uliotoka vizuri.

"Baba mkwe wako aliivaa kazini," alisema. "Na wewe ivae kazini."

Nililia, sioni haya kusema. Wifi alilia zaidi, unga wa mikono ya Mama ukamganda kwenye gauni lote la usaili, na mwalimu mkuu akajifanya ana jambo la haraka ofisini. Mama peke yake hakulia. Alisema tu kwamba nyumbani kuna donge linaumuka halina mtu, na Mjomba akiachiwa atalisifu mpaka limwagike.

Tukaanza kurudi. Nilikuwa na furaha ya kurukaruka, nimebeba kikapu kitupu, namweleza Mama jinsi mkwewe alivyokuwa akitembea darasani. Tulipofika getini ndipo nikakumbuka kuuliza, kwa wema wangu wote, sasa nani atashika tanuri.

Mama akasimama. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akarudi juu tena, akatulia kwenye mikono yangu.

"Lo," nikasema, na safari hii hakuna aliyepiga makofi.